Damu ya Kichanga na Vipimo vya Mtu Mzima

Karatasi ya majibu ya maabara ya mtoto wa siku moja inaweza kumshtua hata daktari aliyemaliza chuo kwa alama nzuri. Kipimo cha APTT, kinachohesabu sekunde ambazo damu huchukua kuganda ndani ya kichupa cha maabara, kimesoma 50. Kando ya namba hiyo mashine imechapa alama ya kuonya, maana kiwango cha kawaida kilichoandikwa kwenye karatasi hiyohiyo hakifiki hata 40. Nesi aliyemtoboa mtoto huyo kisigino asubuhi ili kupima sukari ana habari nyingine kabisa. Tone lilitoka, akalikinga, akabonyeza pamba, na kabla hajamaliza kuandika kwenye faili tundu lilikuwa limeshaziba.

Mashine haijakosea, na nesi naye hajakosea. Kilichokosewa ni kile kiwango cha kawaida kilichochapwa kwenye karatasi, kwa sababu kilitokana na damu ya watu wazima.

Ili kuelewa tofauti yenyewe, ni vizuri kuanza na mtu mzima anayejikata kidole akimenya viazi. Mshipa uliokatika hujibana. Chembe sahani, vile vipande vidogo vya seli vinavyozunguka na damu muda wote, hunata kwenye kingo za jeraha na kunatana zenyewe kwa zenyewe, na protini moja ndefu iitwayo fon Wilebrandi ndiyo inayozishikisha ukutani mwa mshipa. Wakati huohuo protini nyingine zaidi ya kumi, ambazo kwa kawaida huelea kwenye damu bila kufanya lolote, huamshana moja baada ya nyingine. Madaktari huziita fakta na kuzipa namba za Kirumi. Mwisho wa mfululizo huo hupatikana thrombini, na thrombini ndiyo inayogeuza fibrinojeni, protini iliyoyeyuka kwenye damu, kuwa nyuzi ngumu za fibrini zinazofunga jeraha. Ziko pia protini za kuzuia, kama vile antithrombini na protini C, ambazo kazi yake ni kuhakikisha damu inaganda pale penye jeraha tu na si mwili mzima. Jeraha likipona, nyuzi huyeyushwa.

Kwa miaka mingi madaktari walijua kwamba damu ya kichanga ni tofauti, ila hawakujua ni tofauti kiasi gani. Tatizo lilikuwa damu yenyewe. Mtoto wa kilo tatu ana takribani mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito wake, yaani kama mililita 240 kwa jumla, kiasi ambacho hakijazi chupa ya soda ya mililita 300. Mtu mzima ana lita tano hivi. Nani angethubutu kumtoa mtoto mzima wa afya sampuli baada ya sampuli ili tu ajue viwango vya protini zake?

Aliyepata njia ni Maureen Andrew, daktari bingwa wa damu ya watoto katika mji wa Hamilton, jimbo la Ontario nchini Kanada. Yeye na wenzake walibuni namna ya kupima protini nyingi kwa kutumia damu kidogo sana, kisha wakawafuatilia watoto 118 waliozaliwa kwa miezi yao kamili wakiwa na afya njema. Damu ilichukuliwa siku ya kwanza, ya 5, ya 30, ya 90 na ya 180. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987, na mwaka uliofuata wakatoa ya watoto njiti. Majedwali yale mpaka leo ndiyo yanayonukuliwa na vitabu vya tiba kila suala hili linapoguswa.

Yalionyesha nini? Prothrombini, ambayo ni fakta ya II, siku ya kwanza ilikuwa karibu nusu tu ya kiwango cha mtu mzima. Fakta za IX na X nazo zilikuwa hapo au chini yake. Fakta ya XI ilikuwa chini zaidi. Ukiishia hapo utadhani mtoto anazaliwa akiwa ukingoni mwa kutokwa damu hadi kufa. Lakini fakta ya VIII ilikuwa sawa na ya mtu mzima tangu siku ya kwanza, fibrinojeni pia, na ile protini ya kunatisha chembe sahani ilimzidi mtu mzima kwa karibu nusu. Zaidi ya hapo, vizuizi navyo vilikuwa pungufu: antithrombini ilikuwa chini ya theluthi mbili, na protini C ilikuwa kama theluthi moja tu.

Hapo ndipo picha ilipobadilika. Mtoto ana vigandishi vichache na vizuizi vichache kwa pamoja. Uwezo wake wa kutengeneza thrombini ni karibu nusu ya wa mtu mzima, kiwango kinachofanana na cha mgonjwa anayetumia dawa ya kupunguza kuganda kwa damu kama warfarini. Mgonjwa huyo wa warfarini huambiwa ajihadhari na kila kinachokata. Kichanga mwenye afya, akiwa na namba zilezile, huweza kufanyiwa upasuaji na asitokwe na damu kupita kiasi.

Sehemu ya maelezo iko kwenye damu nzima, ambayo kipimo cha APTT hakiioni, kwa kuwa maabara huondoa chembe zote kwanza na kupima majimaji peke yake. Damu ya kichanga ni nzito. Chembe nyekundu huchukua nusu ya ujazo wake au zaidi, na zenyewe ni kubwa kuliko za mtu mzima. Wingi huo huzisukuma chembe sahani pembeni, karibu na ukuta wa mshipa, mahali hasa zinapohitajika. Chembe sahani za kichanga zikipimwa peke yake huonekana zembe. Zinachelewa kuitika zikichokozwa na kemikali za maabara. Ndani ya damu ya mtoto mwenyewe, pamoja na protini ya kunatisha iliyo tele, huziba tundu haraka kuliko za wazazi wake. Kwa hiyo nesi mwenye pamba alikuwa anaona kitu ambacho mashine haiwezi kukipima.

Sababu nyingine ni kwamba si kila fakta iliyo chini ina madhara. John Hageman, mfanyakazi wa reli nchini Marekani, aligunduliwa katika miaka ya 1950 kuwa hana kabisa fakta ya XII, na damu yake kwenye kichupa ilichukua muda mrefu mno kuganda. Ungetegemea mtu kama huyo afe kwa kutokwa damu. Alifariki mwaka 1968 kwa bonge la damu lililoziba mapafu baada ya kuvunjika nyonga. Upungufu wa fakta ya XII huchelewesha APTT bila kumletea mtu shida ya damu, na fakta hiyo ni mojawapo ya zile ambazo kichanga anazo kwa nusu tu. Sekunde kadhaa kati ya zile zilizomtisha daktari zinatoka hapo.

Kuna jambo la kushangaza zaidi katika chumba cha kujifungulia. Mama mjamzito anapokaribia kuzaa, damu yake huwa tayari kuganda kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yake: fibrinojeni hupanda sana, fakta za VII na VIII hupanda, na kizuizi kiitwacho protini S hushuka. Mwili unajiandaa kwa sababu kondo la nyuma likibanduka, damu nyingi inaweza kumwagika kwa dakika chache. Upande wa pili wa kitovu yupo mtoto ambaye fakta zake nyingi ni nusu tu. Protini za kugandisha ni kubwa mno kupenya kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo wingi wa mama haumfikii. Kila mmoja ana damu yake na viwango vyake.

Kadiri miezi inavyokwenda, ini la mtoto hukomaa na protini hupanda, kila moja kwa mwendo wake. Prothrombini katika majedwali ya Andrew ilitoka asilimia 48 siku ya kwanza, ikafika 63 siku ya tano, 68 baada ya mwezi, 75 kwa miezi mitatu na 88 kwa miezi sita. Zilizo nyingi huwa zimekaribia za mtu mzima ifikapo nusu mwaka.

Namba hizo zinagusa hoja moja inayosambaa sana katika mahubiri na vitabu vya dini: kwamba siku ya nane ya maisha prothrombini hupanda hadi kumpita mtu mzima, na ndiyo sababu tohara iliamriwa siku hiyo. Majedwali hayaonyeshi kilele chochote cha namna hiyo. Chembe ya ukweli ipo, kwamba mtoto asiyepewa vitamini K hushuka viwango katika siku za mwanzo kisha akaanza kupanda, hivyo siku ya tatu ni mbaya zaidi kuliko ya nane. Tohara ya siku ya nane ina misingi yake ya imani, na waumini hawahitaji takwimu ya kubuni ili kuishika.

Hapo juu imetajwa vitamini K, na ndiko kwenye hatari halisi. Fakta za II, VII, IX na X hutengenezwa na ini, lakini hatua ya mwisho ya kuzikamilisha inahitaji vitamini hiyo. Isipokuwepo, ini huendelea kuzitengeneza zikiwa na kasoro. Haziwezi kushika kalisi, na zisiposhika kalisi hazifanyi kazi. Mtu mzima huipata kila siku bila kufikiri, kwenye mchicha, sukuma wiki, kisamvu na majani ya kunde. Mtoto aliye tumboni huipata kwa shida, kwani kondo la nyuma huipitisha kidogo sana: kiwango kwenye damu ya kitovu ni kama mara 30 pungufu ya kile cha mama. Akizaliwa, ini lake lina akiba ndogo na utumbo wake bado hauna bakteria wanaotengeneza vitamini K. Maziwa ya mama, ambayo kwa karibu kila kitu kingine hayana mpinzani, yana vitamini K kidogo mno, mikrogramu chache tu kwa lita nzima. Mama kuongeza mchicha kwenye chakula chake ni jambo jema kwa afya yake, ila halitoshi kumkinga mtoto.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Viwango vya nusu ambavyo mtoto huzaliwa navyo ni hali yake ya kawaida na havihitaji tiba. Ukosefu wa vitamini K ni pengo ndani ya hali hiyo, kwani hata ile nusu aliyo nayo haifanyi kazi. Sindano ya vitamini K haimpi mtoto damu ya mtu mzima. Inahakikisha tu kwamba kile ini lake linachotengeneza kinatumika.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa kabla chanzo chake hakijajulikana. Mwaka 1894 daktari Charles Townsend wa Boston aliandika kuhusu watoto 50 waliotokwa na damu katika siku za mwanzo za maisha, akaona kwamba hawakuwa na hemofilia, ule ugonjwa wa kurithi wa kutokwa damu, kwani waliopona walipona moja kwa moja. Jibu lilitoka kwenye mabanda ya kuku. Henrik Dam, mwanasayansi wa Copenhagen nchini Denmark, alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta mwishoni mwa miaka ya 1920 akichunguza mambo ya kolesteroli. Vifaranga wakaanza kuvuja damu chini ya ngozi. Kolesteroli haikuwasaidia, na vitamini zilizokuwa zikijulikana wakati huo hazikuwasaidia. Mwaka 1935 akatangaza kuwa kuna vitamini mpya ya kugandisha damu, akaipa herufi K. Edward Doisy wa Marekani akaichambua kikemia, na wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1943.

Mwaka 1944 Jörgen Lehmann wa Sweden aliripoti matumizi ya vitamini hiyo kwa watoto 13,000. Lakini historia yake haikuwa mteremko. Katika miaka ya mwanzo ilitumika aina ya kutengenezwa kiwandani, K3, na hospitali nyingi ziliitoa kwa dozi kubwa kupita kiasi. Ikabainika kwamba dozi hizo zilivunja chembe nyekundu za watoto, hasa njiti, wakapata manjano kali iliyoharibu ubongo. K3 ikaachwa, ikachukuliwa K1, ile ile iliyomo kwenye mboga za majani, na kwa dozi ndogo. Mwaka 1961 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikapendekeza kila mtoto aipate anapozaliwa. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 1, kwa sindano ya msuli wa paja, baada ya ile saa ya kwanza ambayo mtoto anapaswa kulala kifuani mwa mama na kuanza kunyonya.

Ukisimama kando ya mkunga utaona kazi yote inaisha kwa chini ya dakika moja. Kichupa ni kidogo, mara nyingi cha kioo cha rangi ya kahawia kwa kuwa mwanga huiharibu dawa. Anakivunja shingo, anavuta kiasi kidogo ambacho ndani ya bomba la sindano hakionekani kama kitu, anasafisha paja upande wa nje, anachoma. Mtoto analia, anarudishwa kwenye ziwa. Uangalifu unahitajika katika kusoma maandishi ya kichupa, kwa sababu vichupa vinafanana: imewahi kuripotiwa katika nchi mbalimbali kwamba mtoto alichomwa kwa makosa dawa ya kukaza mfuko wa uzazi iliyokuwa ya mama. Ndiyo maana wakunga makini hutenga trei ya mama na trei ya mtoto.

Asiyepata sindano ya vitamini K anaweza kutokwa damu kwa nyakati tatu tofauti. Wa kwanza ni saa 24 za mwanzo, na hapa mara nyingi sababu ni dawa alizotumia mama akiwa mjamzito: za kifafa kama fenitoini, karbamazepini na fenobabitoni, za kifua kikuu kama rifampisini, au warfarini. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi kama zetu, hilo si jambo la kupita nalo mbio; mama anapaswa kuwataja wahudumu dawa zote anazomeza. Wakati wa pili ni siku ya pili hadi ya saba, damu ikionekana kwenye kitovu, puani au kwenye choo.

Wa tatu ndio mbaya kuliko yote, nao ni kuanzia wiki ya pili hadi mwezi wa sita. Mtoto ameshapita arobaini, ananenepa, ananyonya maziwa ya mama tu kama walivyoelekezwa kliniki, na hakuna anayemwazia ugonjwa. Halafu anagoma kunyonya, anatapika, analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, utosi unavimba, degedege inaanza. Karibu nusu ya watoto wanaopatwa na hali hii huvuja damu kwenye ubongo. Kati ya kila watano, mmoja hufa, na wengi wa wanaobaki huishi na ulemavu. Bila kinga, huwapata watoto wanne hadi saba katika kila 100,000. Ni wachache, na uchache huo ndio unaowafanya wazazi wengine waone sindano ni usumbufu wa bure.

Mfano mmoja ulitokea Nashville, jimbo la Tennessee nchini Marekani. Kati ya Februari na Septemba 2013, watoto wanne walifikishwa hospitali ya mji huo wakiwa na ugonjwa huu wa kuchelewa. Wote walikuwa hawakuchomwa vitamini K kwa sababu wazazi walikataa. Wachunguzi wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walipofuatilia walikuta katika vituo binafsi vya kujifungulia vya eneo hilo zaidi ya robo ya wazazi walikuwa wakikataa. Kwa hesabu za CDC, mtoto asiyechomwa ana uwezekano mara 81 zaidi wa kupata ugonjwa huu wa kuchelewa kuliko aliyechomwa.

Baadhi ya wazazi wale waliogopa saratani, na hofu hiyo ina chanzo kinachojulikana. Mapema miaka ya 1990 Jean Golding na wenzake wa Bristol, Uingereza, walichapisha tafiti ndogo zilizoihusisha sindano ya vitamini K na saratani za utotoni. Lilikuwa swali halali na lilijibiwa kwa uzito wake. Sweden ilichambua kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 1.3 na haikuona uhusiano wowote. Tafiti za Marekani, Denmark na Uingereza zikafuata kwa jibu hilohilo. Hofu, kama kawaida yake, ilibaki mitaani muda mrefu kuliko utafiti ulioizaa.

Afrika Mashariki wazazi wanaokataa sindano hii si tatizo kubwa. Hapa tatizo ni mtoto ambaye haikumfikia. Tafiti za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba Kenya na Tanzania, wanane hivi kati ya kila watoto kumi huzaliwa katika kituo cha afya. Ni hatua kubwa. Wale wawili waliobaki huzaliwa nyumbani au njiani, na kwa kawaida hakuna anayekumbuka vitamini K. Mwongozo wa matibabu ya watoto wa Kenya unalijua hilo: unaelekeza kwamba mtoto yeyote wa chini ya siku 14 anayelazwa, kama hakuipata, aipate siku anayopokewa.

Sasa weka juu ya pengo hilo wembe wa mganga. Kukata kimeo kwa mtoto anayekohoa bado kunaendelea katika maeneo kadhaa ya Tanzania na Kenya. Kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni, ambayo kwa kweli ni vichipukizi vya meno ya utotoni yaliyomo ndani ya fizi, hufanywa Tanzania, Uganda na kwingineko mtoto akiharisha au akipata homa. Kimeo kina mishipa mingi ya damu na hakifungiki kwa bandeji. Na umri ambao watoto hupelekwa kwa mambo haya, wiki chache hadi miezi michache, ndio uleule ambao akiba ya vitamini K ya mtoto anayenyonya bila kuchomwa sindano imefikia chini kabisa. Damu ikikataa kukatika, familia husema mtoto alirogwa au mganga alikosea. Anayekatwa kimeo anapata jeraha lisilo na faida yoyote ya kitiba. Asiye na vitamini K analipata akiwa hana cha kulizibia.

Tohara hospitalini ni jambo tofauti, lakini nayo huibua kilichofichika. Kwa kuwa fakta ya VIII ya mtoto huwa sawa na ya mtu mzima tangu kuzaliwa, hemofilia A inaweza kupimwa hata siku ya kwanza, na familia yenye mjomba aliyewahi kutokwa damu bila kukoma inapaswa kusema kabla ya kisu. Hemofilia B inasumbua zaidi, maana fakta ya IX kwa kichanga yeyote iko chini. Ikiwa ugonjwa si mkali, kipimo cha siku ya kwanza hakiwezi kutofautisha mgonjwa na mzima, na hulazimika kurudiwa baada ya miezi sita.

Sampuli zenyewe nazo zina mitego. Kichupa cha kupimia kuganda huwa na dawa ya sitreti iliyopimwa kwa ajili ya damu ya kawaida, sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa. Damu nzito ya kichanga ina majimaji machache, kwa hiyo sitreti inazidi na majibu yanarefuka bure. Damu ikiwa pungufu ya alama, hali ni ileile. Kabla ya kumwekea mtoto plazima, yaani majimaji ya damu, daktari mwenye uzoefu huuliza kwanza sampuli ilitolewa wapi, ilijaa kiasi gani, na kiwango cha kulinganishia ni cha umri gani. Na mtoto akitapika damu siku ya pili, huuliza kama chuchu za mama zimepasuka. Leonard Apt na mwenzake walionyesha mwaka 1955 njia rahisi ya kujua: damu ikichanganywa na magadi makali ya maabara, ya mtoto hubaki ya waridi, na ya mama, ambayo mtoto aliimeza tu wakati wa kunyonya, hugeuka kuwa ya manjano na kahawia.

Upande wa pili wa tofauti hii, yaani damu kuganda pasipotakiwa, mtoto ana nafuu kubwa. Mabonge kwenye miguu na mapafu ni ugonjwa wa watu wazima: waliolala kitandani kwa muda mrefu, wenye saratani, waliotoka upasuaji, wazee ambao fibrinojeni na fakta ya VIII zao zimeendelea kupanda na umri. Kichanga hupata mabonge hasa akiwa mgonjwa mahututi mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa. Akihitaji heparini, dawa inayofanya kazi kwa kupitia antithrombini, hushangaza kuona kwamba kwa kila kilo anahitaji nyingi kuliko mtu mzima: yuniti 28 kwa saa ambapo mtu mzima huanziwa 18. Anayo antithrombini chache ya kuishika. Na akipata maambukizi ya damu au akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ile nusu yake huisha upesi, kwa hiyo mtoto mgonjwa anayevuja damu hahesabiwi kama mtoto mzima wa afya mwenye APTT ndefu.

Kwa mzazi, yaliyo mkononi mwake ni machache na yanawezekana. Kabla ya kuondoka wodini, amwulize mkunga kama mtoto ameshachomwa vitamini K na ahakikishe imeandikwa kwenye kadi. Manjano ikizidi wiki mbili, hasa choo kikiwa cheupe kama chaki, asisubiri jua la asubuhi limsaidie. Ini lenye shida haliruhusu vitamini K kufyonzwa hata ikiwepo. Damu kidogo puani, kitovu kinachorudi kuvuja, mabaka ya zambarau kwa mtoto ambaye hajaanguka, hizo ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwani mara nyingi hutangulia damu ya ubongo. Na aliyejifungulia nyumbani ampeleke mtoto kituo cha afya mapema, aseme wazi kwamba mtoto huyu hajachomwa vitamini K, wala asingoje kuulizwa.